Mbao za Madirisha ya Nje: Namna ya Kuchagua Mbao Ngumu Itakayodumu

Mvua za kwanza za mwezi Novemba ndizo hufichua ubora wa dirisha la mbao. Dirisha lililokuwa likifunguka na kufungika bila taabu mwezi Agosti huanza kukwama. Baada ya misimu mitatu au minne, sehemu ya chini ya fremu, pale maji yanapotulia, huwa laini kiasi cha kuzama ukucha, na mchwa hukamilisha kazi iliyoanzishwa na unyevu. Hapo huanza kulaumiana: mwenye nyumba humlaumu muuzaji, muuzaji humlaumu fundi, na fundi husema mbao aliyoletewa ilikuwa mbichi. Wakati huo fedha imekwisha kulipwa na mti umekwisha kukatwa.

Hasara hiyo huzikuta nyumba za watu binafsi na majengo ya umma vilevile. Madarasa, zahanati na nyumba za watumishi hujengwa kwa fedha za Serikali na nguvu za wananchi, na wanaopokea vifaa katika eneo la ujenzi ni wakazi wenyewe kupitia kamati zao. Mjumbe wa kamati anayejua kuitazama mbao anaweza kuzuia hasara ya miaka mingi kwa ukaguzi wa saa moja.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua mbao ngumu kwa madirisha ya nje. Watu wengi huuliza swali moja tu wanapofika kwenye duka la mbao: "Hii ni mninga?" Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Dirisha hudumu kwa mambo manne yanayotegemeana: aina ya mti, sehemu ya mti ilikotoka mbao, ukavu wake, na namna dirisha lilivyotengenezwa ili maji yaondoke. Mbao ya mti bora kabisa huharibika mapema ikiwa moja ya mambo hayo limepuuzwa.

Kazi ngumu ya dirisha la nje

Tabora iko katika uwanda wa juu wenye mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwaka hugawanyika katika sehemu mbili zilizo wazi: masika kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi kirefu kuanzia Mei hadi Oktoba. Mgawanyo huo ndio mtihani wa mbao.

Mbao haiachi kupokea na kutoa unyevu hata baada ya kukauka. Hewa inapokuwa kavu, hupoteza unyevu na kusinyaa. Hewa inapokuwa na unyevu mwingi, huvimba. Husinyaa na kuvimba zaidi katika upana wake, na kidogo sana katika urefu. Kwa mfano, ubao wenye upana wa milimita 150 ukisinyaa kwa asilimia 2 tu hupungua milimita 3. Milimita 3 zinatosha kulifanya dirisha likwame wakati wa mvua au liache mwanya wa kupitisha vumbi na mbu wakati wa kiangazi.

Pamoja na mabadiliko hayo, dirisha la nje lina maadui watatu. Wa kwanza ni kuvu wanaoozesha mbao; hawa huhitaji unyevu wa takriban asilimia 20 au zaidi ili kustawi, kwa hiyo mbao inayobaki kavu haiozi. Wa pili ni wadudu, yaani mchwa na dumuzi, ambao hutoboa mbao na kuacha unga. Wa tatu ni jua, ambalo hudhoofisha uso wa mbao, huufanya kuwa wa kijivu na kufungua nyufa ndogo zinazoingiza maji. Mbao ya dirisha la nje inapaswa kuwa na sifa mbili kwa pamoja: isijikunje wala kubadilika sana umbo, na iweze kustahimili kuvu na wadudu. Ugumu peke yake si sifa ya kutosha, kwa maana ipo miti migumu sana ambayo hupinda na kupasuka.

Miti inayofaa

*Mninga.* Mti huu wa misitu ya miyombo ndio unaojulikana zaidi na mafundi wa Tabora, na sifa yake ni ya haki. Mbao yake husinyaa kidogo sana ikilinganishwa na miti mingine ya asili, hivyo dirisha lake hubaki na umbo lake mwaka mzima. Sehemu yake ya ndani hustahimili mchwa na kuoza. Ni mbao ya uzito wa wastani, hukubali randa na msumeno, na hushika gundi na skrubu vizuri. Rangi yake huanzia kahawia ya dhahabu hadi kahawia nyekundu, mara nyingi ikiwa na mistari myeusi.

*Mkola.* Wengine huandika mkora, na pwani huitwa mkongo au mbambakofi. Ni mzito na mgumu kuliko mninga, nao pia hautembei sana kati ya kiangazi na masika. Hustahimili kuoza kwa kiwango cha juu, na kwa sababu hiyo unafaa sana kwa fremu na hasa kizingiti cha chini, mahali ambapo maji hupiga zaidi. Ugumu wake hufanya kazi ya fundi kuwa ndefu: matundu ya skrubu ni lazima yatobolewe kwanza, la sivyo mbao hupasuka au skrubu hukatika.

*Mkurungu.* Huu ni ndugu wa mninga na hupatikana pia katika misitu ya magharibi mwa Tanzania. Mbao yake ni nyekundu na nzito. Unafaa kwa kazi za nje, lakini umewindwa sana na biashara ya kimataifa, na mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi kuhusu uhalali wake.

*Mvule.* Hukua zaidi katika maeneo yenye mvua nyingi kama vile Kigoma, Kagera na ukanda wa pwani, na huletwa Tabora na wafanyabiashara. Ni mbao nzuri ya nje, hudumu na haijikunji sana. Wakati mwingine ndani yake huwa na mawe madogo ya chokaa yanayoharibu makali ya randa na msumeno.

*Mtiki.* Mti huu wa kupandwa, unaolimwa katika mashamba ya miti kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro, una sifa zinazokaribia za mninga: hautembei sana na sehemu yake ya ndani hudumu. Faida yake kubwa ni kwamba hauondoi mti wa asili msituni. Miti michanga ya mtiki, hata hivyo, huwa na sehemu kubwa nyeupe isiyodumu, na ukaguzi wake haupaswi kuwa mwepesi.

Ipo pia mbao inayouzwa kwa bei nafuu ambayo ina matumizi yake, ingawa kwa dirisha la nje inahitaji tahadhari. *Mtundu* na *myombo*, miti inayotawala misitu ya miyombo na kuipa jina lake, ina mbao nzito ambayo nyuzi zake hupishana. Ikikauka hupinda na kupasuka kwa urahisi. Miti hiyo ina thamani kubwa zaidi ikiwa imesimama, kwa sababu maua yake ni malisho ya nyuki wanaoipa Tabora sifa ya asali. *Mkaratusi* hukua haraka, lakini mbao yake husinyaa sana na hupasuka kwenye ncha. *Paini*, inayoletwa kutoka mashamba kama Sao Hill wilayani Mufindi, ni nyepesi, hunyooka na ni rahisi kwa fundi, lakini isipotiwa dawa ya kuhifadhi mbao haistahimili mvua wala mchwa. Inafaa kwa fremu za milango ya ndani, dari na kenchi zilizotiwa dawa. Kuitumia katika madirisha ya nje bila dawa wala paa linalolinda ukuta ni kujiandalia gharama ya pili.

Kiini na weupe

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha bila kujua. Gogo lolote la miti iliyotajwa lina sehemu mbili. Ndani kuna kiini, chenye rangi nzito. Kukizunguka kiini, chini ya gamba, kuna tabaka la rangi nyeupe au manjano hafifu. Mti unapokuwa hai, tabaka hilo jeupe ndilo linalopandisha maji kutoka mizizini, na ndani yake umo wanga ambao dumuzi huupenda. Kiini hakifanyi tena kazi hiyo. Kimejaa kemikali za mti wenyewe zinazowafukuza kuvu na wadudu.

Uimara wa mninga, mkola au mtiki unaosifiwa ni uimara wa kiini peke yake. Weupe wa mninga huoza na kuliwa sawa na mti wowote wa kawaida. Dirisha lililotengenezwa kwa mbao yenye nusu kiini na nusu weupe huuzwa kwa jina la mninga na kulipiwa bei ya mninga, lakini nusu yake haina sifa za mninga. Baada ya miaka michache upande mweupe hugeuka unga, bawaba hulegea, na fremu nzima hulazimika kung'olewa ingawa kiini chake bado ni kizima.

Tofauti ya rangi kati ya sehemu hizo mbili huonekana kwa macho katika mninga na mkola. Ubao utazamwe pande zote nne na kwenye ncha zote mbili, kwa sababu weupe unaweza kujificha upande wa chini. Ikiwa mbao imepakwa mafuta, rangi au vumbi jekundu kabla ya kuuzwa, isipokelewe mpaka pembe yake moja ipigwe randa au ikwaruzwe kwa kisu ili rangi halisi ionekane. Kwa fremu na kizingiti cha dirisha la nje, weupe usikubaliwe kabisa. Mabaki yenye weupe yanaweza kutumika kwa fanicha za ndani baada ya kutiwa dawa.

Kasoro nyingine za kukataa ni moyo wa mti, yaani kitovu cha gogo, kwani ubao wenye moyo hupasuka karibu kila mara. Mafundo makubwa au yaliyolegea. Nyufa zinazoingia ndani kutoka kwenye ncha. Matundu yenye unga mpya. Na nyuzi zinazokimbia kwa mshazari badala ya kufuata urefu wa ubao.

Ukavu: jambo linalopuuzwa zaidi

Mbao nyingi hutoka msituni na kuingia katika karakana zikiwa bado mbichi. Fundi hulazimika kutengeneza dirisha kwa sababu mteja ana haraka, na dirisha hukaukia ukutani. Linapokauka, maungio hufunguka, fremu hupinda, na kioo hupasuka kwa sababu ya kubanwa.

Kwa hali ya hewa ya Tabora, mbao ya dirisha inapaswa kuwa na unyevu wa takriban asilimia 12 hadi 14 inapoanza kufanyiwa kazi. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni ya kukausha mbao ngumu kwa hewa: mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Katika kiangazi cha Tabora ubao wa inchi 1 unaweza kukauka kwa muda mfupi zaidi, lakini ubao wa inchi 2 au 3 unaotumika kwa fremu bado huhitaji miezi mingi.

Mahali pa kukaushia si jua kali. Mbao ipangwe juu ya magogo au matofali, angalau sentimita 30 kutoka ardhini, chini ya paa, huku vijiti vya unene sawa vikiwekwa kati ya tabaka na tabaka ili hewa ipite. Vijiti vipangwe kwa mstari mmoja wima, kimoja juu ya kingine. Visipopangwa hivyo, mbao hupinda kwa uzito. Ncha za mbao zipakwe rangi nzito au nta, kwa sababu maji hutoka haraka mno kwenye ncha na kusababisha nyufa.

Ukavu unaweza kupimwa bila mashine ya gharama. Kipande kidogo kikatwe katikati ya ubao, angalau nusu mita kutoka kwenye ncha, kisha kipimwe uzito mara moja. Kikaushwe katika joko lenye joto la takriban nyuzi 103 za Selsiasi na kupimwa tena mara kwa mara hadi uzito usipungue zaidi. Uzito uliopotea ugawanywe kwa uzito wa mwisho, kisha jibu lizidishwe kwa 100. Kwa mfano, kipande kilichokuwa na gramu 460 kikibaki na gramu 400, kimepoteza gramu 60. 60 ikigawanywa kwa 400 na kuzidishwa kwa 100 ni asilimia 15. Mbao hiyo inakaribia kuwa tayari. Kipande kilichotoka gramu 560 hadi 400 kina unyevu wa asilimia 40, na ubao wake haupaswi kuguswa na randa bado.

Asiye na joko anaweza kuchagua ubao mmoja wa mfano kutoka katika rundo na kuupima kwenye mizani ileile kila baada ya wiki mbili. Uzito wake ukiendelea kushuka, rundo bado linakauka. Uzito ukitulia kwa vipimo vitatu mfululizo katika kiangazi, rundo liko tayari.

Funzo la majengo ya njia ya misafara

Baada ya kuchagua mti, kiini na ukavu, linabaki swali la namna ya kuilinda mbao isilowe. Jibu la swali hilo limesimama Tabora kwa zaidi ya karne moja.

Katika karne ya 19, Tabora, iliyojulikana pia kwa majina ya Kazeh na Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji Novemba 1871, walikuja pamoja Kwihara Februari 1872, na Livingstone alikaa huko hadi Agosti mwaka huo. Nyumba ya Kwihara waliyoishi, ambayo leo ni makumbusho, ni ya mtindo wa tembe.

Mpagazi mmoja wa misafara alibeba mzigo wa takriban kilo 30. Kwa kipimo hicho, kusafirisha mbao nzito kutoka pwani ilikuwa kazi kubwa, wakati misitu ya miyombo ilizunguka mji pande zote. Wajenzi wa tembe walilazimika kuujua msitu uliokuwa karibu nao. Walijua pia kwamba mbao isiyolowa haiozi. Kuta zao za udongo zilikuwa nene, madirisha yalikuwa madogo na yalikaa ndani ya unene wa ukuta, na mbele ya nyumba palikuwa na baraza pana lenye paa. Mvua ya upepo haikuipiga mbao moja kwa moja, na jua la mchana halikuifikia.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mbao iliweza kusafiri mbali kwa wingi, na mninga wa mkoa huu ukapata njia ya kwenda katika masoko ya mbali. Nyumba nazo zilibadilika: kuta zikawa nyembamba, madirisha yakawa makubwa, na katika ujenzi wa siku hizi paa mara nyingi hukatwa karibu na ukuta ili kupunguza gharama ya bati. Dirisha la leo hupokea mvua na jua kwa kiwango ambacho dirisha la tembe halikupokea. Paa linalotokeza sentimita 60 au zaidi nje ya ukuta, au baraza upande unaopigwa na mvua, huongeza maisha ya dirisha la mbao ya aina yoyote.

Mambo ya kumwagiza fundi

Mteja ana haki ya kumweleza fundi anachotaka kabla kazi haijaanza. Mambo yafuatayo hayaongezi gharama kubwa, lakini huongeza miaka.

Kizingiti cha chini kiwe na mteremko wa kuelekea nje ili maji yasitulie, na kitokeze mbele ya ukuta. Chini ya sehemu iliyotokeza uchimbwe mfereji mwembamba, ili tone la maji lidondoke hapo badala ya kurudi ukutani. Maungio ya fremu yawe ya ulimi na tundu, yashikwe kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji na vijiti vya mbao ngumu, badala ya misumari peke yake.

Ncha za mbao zipakwe mafuta au rangi kabla ya kuunganishwa, kwa sababu ncha hunyonya maji kwa kasi kubwa kuliko ubavu wa ubao. Upande wa fremu unaogusa tofali na saruji upakwe pia kabla ya kupachikwa. Upande huo hautafikiwa tena. Kati ya shata na fremu uachwe mwanya wa milimita 2 hadi 3. Dirisha linalotengenezwa Oktoba, mbao ikiwa kavu kabisa, liachiwe mwanya mkubwa kidogo kwa sababu litavimba Desemba.

Vanishi isiyo na rangi hupendeza, lakini juani hupasuka na kubanduka mapema. Mafuta ya mbao au rangi ya nje hudumu zaidi, na hata hivyo huhitaji kurudiwa. Wakati mzuri wa kukagua na kupaka upya ni Septemba na Oktoba, kabla ya mvua.

Afya ya fundi nayo izingatiwe. Vumbi la mninga, mkola na mvule linaweza kuwasha macho na ngozi na kuleta matatizo ya kupumua. Barakoa na sehemu ya wazi ya kufanyia kazi ni kinga ya lazima, hasa kwa vijana wanaojifunza useremala.

Mbao halali

Mazao ya misitu husimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Uvunaji katika misitu ya asili huhitaji kibali, mfanyabiashara wa mbao anapaswa kuwa amesajiliwa, na mbao inaposafirishwa huambatana na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na maofisa misitu wa halmashauri ndio wasimamizi wa taratibu hizo. Mnunuzi anayechukua mbao bila risiti kwa sababu ya unafuu wa bei anajiweka katika hatari ya kunyang'anywa mbao na kuchukuliwa hatua, na halmashauri hupoteza mapato yanayorudi katika huduma za wananchi.

Katika mkutano uliofanyika Panama mwaka 2022, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ziliiweka miti ya Afrika ya jamii za mninga na mkola katika orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi hudhibitiwa. Hatua hiyo haimzuii mkazi wa Tabora kununua mbao halali kwa nyumba yake, lakini inaonyesha kwamba miti iliyodhaniwa kuwa haiishi sasa inahesabiwa.

Mninga hukua polepole mno. Mche wake mchanga hufa juu ya ardhi kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini kwa miaka kadhaa kabla shina halijapata nguvu ya kusimama dhidi ya ukame na moto. Baada ya hapo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Mti unaokatwa leo kwa ajili ya dirisha ulianza kukua kabla mwenye nyumba hajazaliwa. Dirisha lake likioza baada ya miaka sita kwa sababu ya weupe au ubichi, mti mwingine wa umri huo utatafutwa ili kulibadilisha.

Hesabu ya gharama

Bei ya dirisha ni vyema igawanywe kwa miaka litakayodumu. Kwa mfano wa hesabu tu, dirisha la shilingi 90,000 likidumu miaka 6 limegharimu shilingi 15,000 kwa mwaka. Dirisha la shilingi 180,000 lililotengenezwa kwa kiini kikavu, likidumu miaka 30, limegharimu shilingi 6,000 kwa mwaka. Mwenye fedha kidogo anaweza kutumia mkola au mninga kwa fremu na kizingiti peke yake, kisha akatumia mbao nafuu iliyotiwa dawa kwa shata, ambalo ni rahisi kulibadilisha bila kubomoa ukuta.

Ukaguzi wa kamati za ujenzi

Kamati za shule na zahanati zinashauriwa kufanya yafuatayo mbao au madirisha yanapofika, kabla ya kusaini hati ya mapokezi:

1. Kuomba risiti na nakala ya hati ya kusafirishia, na kulinganisha aina na kiasi kilichoandikwa na kilicholetwa.
2. Kutazama kila ubao pande nne na ncha mbili, na kutenga wenye weupe, moyo wa mti, nyufa au matundu ya wadudu.
3. Kukwaruza pembe ya mbao iliyopakwa rangi au mafuta.
4. Kutazama ubao kwa urefu wake, jicho likiwa kwenye ncha moja, ili kuona kama umepinda au umejisokota.
5. Kupima ukavu wa angalau ubao mmoja katika kila rundo.
6. Kupima upana na unene kwa rula. Ubao wa inchi 2 kwa 6 uliopasuliwa vibaya huweza kupungua kiasi cha kushindwa kutoa fremu iliyokusudiwa.
7. Kwa madirisha yaliyokwisha kutengenezwa, kukagua mteremko wa kizingiti, mfereji wa chini na maungio kabla rangi haijapakwa.

Mbao iliyokataliwa irudishwe kwa maandishi, na sababu ya kuikataa ielezwe. Kukataa mbao mbovu ni wajibu wa kamati, na muuzaji mwaminifu hauchukulii kuwa ugomvi.

Mkazi au kamati yenye shaka kuhusu aina ya mbao au uhalali wa nyaraka zake aonane na Mtendaji wa Kata, ambaye atamwelekeza kwa Ofisa Misitu wa Halmashauri. Wanaotaka miche ya kupanda katika mashamba na maeneo ya taasisi wawasilishe mahitaji yao mapema, ili miche iwahi mvua za Novemba na Desemba.